Utando Unaolinda Unga wa Chuma

Mwanafunzi afunguaye transfoma ya redio iliyoharibika huenda akashangaa kukuta kwamba kiini chake si pande moja la chuma. Ni mabamba membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa limepakwa kihami. Usumaku unaogeukageuka huamsha ndani ya chuma mikondo ya umeme iendayo mviringo, nayo haifanyi kazi yoyote ila kukipasha chuma joto. Unene wa bamba ukipunguzwa kwa nusu, upotevu huo hushuka hadi robo.

Kwa nini basi chuma kisifanywe unga, na kila punje ikavikwa kihami chake? Wazo hilo si geni. Mwaka 1921, Buckner Speed na G. W. Elmen wa Marekani walieleza habari za viini vya unga wa chuma ulioshindiliwa, kwa ajili ya koili za nyaya za simu. Unga una faida nyingine pia: bamba hupitisha usumaku vizuri katika ubapa wake tu, ilhali unga huupitisha pande zote, jambo linalompa uhuru mkubwa mbunifu wa mota.

Tatizo limo katika utando. Punje yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita huvikwa fosfati isiyofikia unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando ukizidi unene, usumaku hupita kwa shida, kwani kila utando ni pengo. Ukiwa mwembamba mno, hutoboka unga unaposhindiliwa katika kalibu kwa mkandamizo uwezao kufikia mara 8,000 ya ule wa hewa.

Tena kushindiliwa huko huacha mkazo ndani ya punje, na chuma chenye mkazo hukaidi kugeuzwa usumaku wake. Dawa yake ni moto. Lakini dawa hiyo ndiyo sumu ya utando. Fosfati huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 500 hivi za Sentigredi, ilhali chuma huhitaji zaidi ya hapo ili kitulie kabisa. Watafiti wengine wamegeukia oksidi za alumini, magnesi na silikoni. Hizo hustahimili moto mkali zaidi, ila ni kavu kama kauri: punje ikibonyea katika kalibu, utando hupasuka.

Kwa umeme wa majumbani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, mabamba bado hayajashindwa. Mizunguko inapofikia mamia na maelfu ndipo unga unapoanza kuyapita.