Mashine inapoamka saa 6 asubuhi

Ukitaka kuijua akili mnemba inayojidai kutunga hadithi, usiiombe riwaya. Ipe tukio dogo la mtaani kwako. Mimi niliipa hapa Sombetini: alfajiri kituoni Mbauda, konda wa kifodi, mama mtu mzima mwenye ndoo ya ndizi, ugomvi wa chenji ya shilingi 200.

Sarufi ilinyooka. Ila mama alifika kituoni "saa 6 asubuhi", na saa sita hapa jua liko utosini! Konda, kijana mdogo, akamsalimia "habari ya asubuhi, bibi", shikamoo hakuna. Ugomvi ulipopamba moto, mama "alichukua pumzi ndefu". Aliichukua wapi? Kwetu mtu huvuta pumzi, au huishusha.

Programu hizi hukisia kipande cha neno kinachofuata kwa kuegemea maandishi ziliyolishwa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Ndiyo maana maneno yalikuwa ya Kiswahili na saa ikabaki ya Kizungu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuhesabu -ka-. "Aliingia. Alikaa. Alitoa noti." Hayo ni maelezo ya polisi. Msimulizi wetu huanza na -li- moja, kisha huliachia tukio litembee: aliingia, akaketi, akafungua fundo la khanga, akatoa noti. Ukurasa mzima wa -li- tupu hauna msimulizi.

Kwenye kusaka mawazo, hapo nakiri inafaa. Iombe sababu 20 za konda kukosa chenji. Fungua mazungumzo mapya, uombe tena vilevile. Zinazojirudia zitupe, maana jirani yako naye atapewa hizohizo, pekua zilizobaki. Baadhi ya programu zina kidhibiti kiitwacho joto: ukikipandisha, zinathubutu maneno yasiyotarajiwa, ukizidisha, zinapayuka kama mlevi wa usiku wa manane.

Siku hizi naigeuzia kibao: yenyewe ndiyo iniulize kuhusu yule mama. Iliwahi kuuliza ndizi zile anampelekea nani. Sikuwa nimelifikiria swali hilo, na jibu lake likanipa sura nzima, niliyoiandika kwa mkono wangu.

Kabla hujalipia programu yoyote, ijaribu kwa mtaa wako, uanzie kwenye saa.