Ada Imeondolewa, Hamu ya Kujifunza Ilelewe

Tangu Januari 2016, Serikali imeondoa ada katika shule za umma hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ulifikishwa Kidato cha Tano na cha Sita. Hatua hiyo humfikisha mtoto darasani. Hamu ya kujifunza akiwa humo hulelewa na mzazi pamoja na mwalimu.

Hamu hiyo hujengeka mapema. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika kwa awamu Januari 2024, inalenga kujenga ujuzi badala ya kukariri pekee. Katika Darasa la Kwanza na la Pili, mkazo uko kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Mtoto asiyeimudu hatua hiyo huona kila somo linalofuata kuwa gumu, naye huanza kuikwepa shule.

Mzazi, hata asiyejua kusoma, anaweza kumwomba mtoto amsomee ujumbe wa simu, ahesabu chenji ya dukani au asimulie somo la siku. Swali la “umejifunza nini?” litangulie lile la “umekuwa wa ngapi?”

Mwalimu naye, anapopata jibu lenye kosa, amuulize mtoto amelifikiaje. Anayechekwa au kuchapwa kwa kukosea huacha kuuliza, na ukimya wake huweza kudhaniwa kuwa nidhamu.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kukagua madaftari kila jioni, na kufika shuleni kuzungumza na mwalimu kabla ya matokeo kutoka, si baada yake.