Kabla ya kuuliza bei ya nyumba Kasha, uliza haya manne

Ukipata diploma, jamaa yote inakuangalia: "Weye umesoma, utusaidie kununua nyumba." Mimi ilinifikia. Naandika niliyojifunza, ili pesa za wazazi wenu zisipotee.

Tulikuwa tunapanga Kadutu, watu tisa ndani ya vyumba vitatu. Baba aliweka pesa miaka mingi. Tukaenda kutafuta Kasha, upande wa Bagira, pale mji wa Bukavu unapokutana na Kabare. Kule bado unapata nyumba pamoja na kashamba ka sombe na ndizi. Mitaa ya zamani ya Bagira ilipimwa na kujengwa na serikali ya Wabelgiji miaka ya 1950, nyumba zikapangwa mistari. Kasha, sehemu kubwa imekua yenyewe: mtu ananunua shamba, anajenga, njia inafuata nyuma. Hapo ndipo shida zinazaliwa.

Nyumba ya kwanza ilinipendeza: mabati mapya, sima chini, baraza nzuri. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Mama akamuuliza mwenye nyumba swali moja tu: "Mvua ikinyesha, maji inapitiaka wapi?" Akanyamaza. Tukazunguka nyuma, tukakuta korongo limebakiza hatua sita kufika ukuta.

Kwa hiyo:

1. Mteremko. Nenda siku ya mvua, usiende siku ya jua. Angalia mifereji, na nyufa za ukuta pia: mji wetu unatikisika, tunakumbuka tarehe 3 Februari 2008.

2. Maji na moto. Kuona robine si kuona maji. Uliza majirani, si muuzaji: maji ya Regideso yanakuja siku gani, saa ngapi? Watoto wanachota wapi yakikatika? Moto wa SNEL unawaka usiku ngapi kwa juma?

3. Umbali. Tembea kwa mguu mpaka shule, soko na kituo cha afya. Kisha jiulize: mama mjamzito akishikwa saa nane ya usiku, pikipiki itafika mlangoni?

4. Makaratasi. Hapa ndipo diploma yako inatumika. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri. Karatasi ya mauzo, hata ikiwa na mashahidi kumi, inaonyesha tu kwamba ulilipa. Cheti kikiisha miaka miwili, ni vigumu sana mtu kukutoa. Kabla ya kulipa, peleka namba ya parsele ofisini, uulize imeandikwa jina la nani.

Tulichukua nyumba nyingine, ndogo, baraza hakuna. Maji tunayachota chini kidogo, lakini imekaa mahali tambarare. Nisiwafiche: hata siye cheti bado tunakitafuta. Baba alilipa kwa karatasi ya mauzo kabla sijasoma ile sheria vizuri. Nilikuwa na lisanse, lakini sikuuliza. Kila mara nikisikia parsele fulani imeuzwa mara mbili, silali.

Leo jioni, muulize baba: "Siye tuko na karatasi gani?" Jibu lake litakuambia kazi yako inaanzia wapi.