Nani Alimwua Bwana Ali?

Kule Kwihara, karibu na Tabora, iko nyumba ya tembe. Ni makumbusho ya mahali walipokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872. Sasa tuseme umelala peke yako katika nyumba kuukuu kama ile, mlango ukalia usiku. Utasema nini? Wengi wetu tutasema: mzimu huo!

Hadithi ya upelelezi huanzia hapo hapo, penye hofu. Chukueni kitabu kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mwandishi wake ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Bwana Ali anakutwa amekufa penye mzimu. Basi anakuja Bwana Msa, mvuta kiko. Yeye hashiki mzimu, anatafuta mtu. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani atafaidika na kifo hiki? Kila jambo dogo analipima. (Msifunue ukurasa wa mwisho kwanza. Sisi tulifanya hivyo, tukajuta!)

Sisi wa Bukene tunakihitaji kitabu hiki. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa kuwa wana macho mekundu tu. Lakini moshi wa jikoni, miaka nenda miaka rudi, huyafanya macho kuwa mekundu. Mtoto anakufa kwa malaria, ramli inapigwa, bibi kizee anatajwa. Usiku ule ule mapanga yanatoka. Na yule mpiga ramli, nani alimwuliza, "Wewe umejuaje?"