Kutendua Fomula: Kauli ya Kutendua na Hesabu za Momenta

Walimu wa lugha aghalabu huona kuwa fizikia haiwahusu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa moja sugu katika hesabu za momenta hutokana na lugha kabla ya kuwa kosa la hesabu, na kwamba sarufi ya Kiswahili inaweza kulitibu.

Tuchukue mfano wa Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Mahali hapo, palipokuwa gereza, palifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Shule za sekondari za Malawi, hata hivyo, hufundisha sayansi kwa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi huipokea fomula kwa lugha moja na kuijadili na wenzake jioni kwa lugha nyingine. Asipopata maneno ya kuielezea, huikariri tu. Kwa kijana ambaye cheti cha sekondari ni mojawapo ya milango michache iliyo mbele yake, hilo si jambo dogo.

Momenta ni nini? Newton, katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1687, aliita dhana hii wingi wa mwendo. Kitu kizito kinachokwenda kasi kina mwendo mwingi. Kikipungua uzito au kasi, wingi huo nao hupungua. Tukiandika p kwa momenta, m kwa tungamo (yaani kiasi cha maada, kinachopimwa kwa kilo) na v kwa velositi (yaani kasi pamoja na uelekeo wake), tunapata:

p = mv

Mkokoteni wa kilo 60 unaokwenda mita 3 kwa sekunde una momenta ya 60 × 3, yaani 180. Sasa tuulize kinyume chake: momenta ni 180, tungamo ni kilo 60, kasi ni ngapi? Hapa ndipo usemi maarufu wa darasani unapopotosha: "hamisha upande wa pili, badili alama." Mwanafunzi anayeufuata neno kwa neno ataandika v = p − m, apate 120. Mita 120 kwa sekunde ni kilomita 432 kwa saa! Hakuna basi la Lilongwe litakalouwahi mkokoteni huo.

Tatizo liko katika kitenzi "hamisha". Kitenzi hiki hakisemi m ilikuwa imefungwaje. Tunapendekeza kitenzi kingine: tendua. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba kilichofungwa hufunguliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichobandikwa hubanduliwa na kilichoanikwa huanuliwa. Hakuna anayefungua kilichoanikwa. Kila tendo lina kitenduzi chake. Vivyo hivyo, kujumlisha hutenduliwa kwa kutoa, na kuzidisha hutenduliwa kwa kugawanya. Katika mv, m imezidishwa na v; kwa hiyo tunagawanya pande zote mbili kwa m na kupata v = p/m, yaani mita 3 kwa sekunde.

Somo la pili ni la mpangilio. Avaaye soksi kisha viatu, huanza kuvua viatu. Tuseme mkokoteni uleule unaserereka wenyewe kwenye barabara tambarare, na mtu anaudondoshea gunia la mahindi wima kutoka juu. Tukipuuza msuguano, momenta ya kuelekea mbele haibadiliki, ila sasa inabebwa na tungamo kubwa zaidi:

m₁u = (m₁ + m₂)v

Hapa m₁ ni mkokoteni, m₂ ni gunia, u ni kasi ya awali na v ni kasi ya baadaye. Kasi imeshuka kutoka mita 3 hadi mita 2 kwa sekunde. Gunia lina kilo ngapi? Tuitazame m₂ ilivyofungwa: kwanza ilijumlishwa na m₁, kisha jumla ikazidishwa na v. Fundo la mwisho ndilo la kwanza kufunguliwa. Tunagawanya kwa v:

m₁u/v = m₁ + m₂

Kisha tunatoa m₁:

m₂ = m₁u/v − m₁ = 60 × 3/2 − 60 = 30

Gunia ni la kilo 30. Anayeanza kwa kutoa m₁ atakuwa anatoa kilo kutoka kwenye momenta, vitu viwili visivyo vya jamii moja. Tahadhari nyingine: fundo la v halifunguki iwapo v ni sifuri, kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri.

Ni kweli kwamba jumlisha na zidisha hazina umbo la kutendua kama funga na fungua. Tunachoazima ni dhana, na dhana hiyo wanafunzi wa Dzaleka tayari wanayo katika lugha zao nyingi: Kinyarwanda kina gukinga na gukingura, Chichewa kina kutseka na kutsegula, na Kiswahili cha Kongo kina kufunga na kufungula, zote zikiwa na maana ya kufunga na kufungua.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wanapofundisha mnyambuliko wa vitenzi wamwalike mwalimu wa fizikia kwa kipindi kimoja. Kila hatua ubaoni, mwanafunzi ajibu maswali mawili kwa lugha anayoielewa: imefungwa kwa tendo gani, na ni lipi lililofungwa mwisho? Akishaweza kujibu, atayafanya yaleyale kwa Kiingereza cha mtihani bila kukariri.