Ufundi wa Programu: Mlango wa Riziki kwa Wanetu Waliomaliza Skuli

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, enyi wazazi, dada zetu na wanetu, wiki hii twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kina mama wengi wamekuwa wakituuliza. Matokeo ya KCSE yatokapo, kila nyumba huwa na hesabu yake. Aliyepata alama za juu huandaliwa safari ya chuo kikuu. Aliyepata C- au D, hasa akiwa ni binti, mara nyingi hubaki nyumbani, mwaka ukaingia na mwaka ukatoka. Siku hizi vyuo vya ufundi vinamfungulia mlango wa kujifunza uandishi wa programu za kompyuta, na ndani ya masomo hayo mna moja liitwalo programu za obijekti. Mama huletewa karatasi ya masomo, akalisoma jina hilo, asijue la kuuliza. Baba husema hayo ni mambo ya wenye vichwa vyepesi, au ya wavulana, au ni kutupa ada. Binti hunyamaza, na pengine shauri huishia hapo.

Rai yetu ni kwamba huu ni ufundi, kama ulivyo ushoni na useremala, na wafaa upimwe kama ufundi mwingine wowote: kwa kile kinachofundishwa, kwa mwalimu afundishaye, na kwa subira ya mwanafunzi. Mzazi hawezi kuupima asichokifahamu. Kwa hivyo na tuanze kwa kukifahamu.

Somo lenyewe ni lipi?

Programu ni maagizo yanayoandikwa kwa lugha maalumu ili kompyuta ifanye kazi iliyokusudiwa. Zamani maagizo hayo yaliandikwa kwa mfululizo mmoja mrefu, na kazi ilipokuwa kubwa, fundi alipotea ndani ya maandishi yake mwenyewe. Katika miaka ya 1960, wataalamu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wakitafuta njia ya kuiga ndani ya kompyuta mambo ya dunia yenye sehemu nyingi zinazokwenda pamoja. Lugha yao iliyoitwa Simula 67 ndiyo iliyoasisi mtindo huu wa kuigawa programu katika vitu, kila kitu na sifa zake na vitendo vyake. Mwaka 2001 wakatunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa katika elimu ya kompyuta. Lugha ambazo wanetu hufundishwa leo, kama vile C++, Java na Python, zimerithi fikra hiyo.

Sasa tuitazame fikra yenyewe kwa mifano ya majumbani mwetu. Fundi wa mabuibui huwa na kigezo cha karatasi. Kigezo si buibui, wala hakivaliwi, lakini kwacho hukatwa mabuibui mia, kila moja na kitambaa chake, urefu wake na mwenyewe. Katika programu, kigezo hicho huitwa klasi, na kila buibui lililokatwa kwacho ndilo obijekti. Mwanafunzi akishaielewa tofauti ya kigezo na nguo, ameshaupita mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ni hifadhi. Kina mama wenye chama walijua hili kabla ya kompyuta. Pesa za chama huwa katika sanduku, na sanduku lina mwekahazina. Mwanachama hatii mkono wake mwenyewe ndani; humkabidhi mwekahazina, naye huandika, huhesabu na hutoa kwa utaratibu. Obijekti nayo ni vivyo hivyo. Yaliyo ndani yake hayaguswi na kila mpita njia, bali huombwa kupitia vitendo vilivyowekwa, na kitendo hicho hukagua kwanza kama ombi ni sahihi. Likitokea kosa, fundi ajua pa kulitafuta.

Mfano wa zaka

Milango miwili iliyobaki, ule wa urithi na ule wa jina moja lenye matendo mengi, twaona yafahamika vizuri zaidi kwa mfano wa zaka.

Tuseme binti amepewa kazi ya kuandika programu ya kuhesabu zaka. Ataanza na klasi iitwayo Mali. Kila mali ina mwenyewe, ina kiasi chake, na ina siku iliyoingia mkononi. Kisha ataandika klasi tatu zinazozaliwa na Mali: Fedha, Mazao na Mbuzi. Hizi hazihitaji kuandikiwa upya habari ya mwenyewe, kiasi na siku, kwa kuwa zimeyarithi hayo kutoka kwa mzazi wao. Wafundi huliita jambo hili urithi, lakini hauko kama mirathi yetu. Katika mirathi, mali hugawika kwa mafungu baada ya mauti. Katika programu, mzazi yu hai, na kila mtoto hupata yote bila ya kumpunguzia nduguye, kisha akaongeza yaliyo yake mwenyewe.

Hapo ndipo huja mlango wa mwisho. Programu itaiuliza kila mali swali moja tu: zaka yako ni kiasi gani? Swali ni moja, lakini kila mali hujibu kwa hukumu yake. Fedha itatazama kwanza kama imefika nisabu na kama mwaka mzima wa Hijria umeipitia. Masharti yakitimia hutoa sehemu moja katika arubaini, yaani 2.5%, na aliye na shilingi 4,000,000 hutoa 100,000. Mazao yaliyofika nisabu hayangoji mwaka, bali hutolewa siku ya mavuno: sehemu moja katika kumi yakiwa yamenyweshwa na mvua, na moja katika ishirini yakiwa yamenyweshwa kwa taabu na gharama. Mbuzi wanaojilisha malishoni, wakatimiza mwaka kwa mwenyewe, wana hesabu nyingine: kuanzia 40 hadi 120 hutolewa mmoja, na kuanzia 121 hadi 200 hutolewa wawili.

Anayeuliza hahitaji kuzijua hukumu hizi zote. Kila klasi yaijua ya kwake. Kesho akija mtu mwenye ngamia, fundi ataongeza klasi ya Ngamia, wala hatabomoa alichokwisha kujenga. Hii ndiyo faida kubwa ya mtindo huu, na ndiyo sababu hutumika katika kazi kubwa kama za mabenki, mahospitali na bandari. Na mtazame vile vile jambo jingine: binti aliyesoma fiqhi ya zaka madrasa, katika mfano huu, amemtangulia mwenziwe asiyeisoma. Kompyuta haijui hukumu yoyote. Ni yeye atakayeifundisha.

Elimu hii si ngeni kwetu

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya watu wengine. Neno la Kiingereza la hatua za kutatua hesabu ndani ya kompyuta, yaani algorithi, limetokana na jina la mwanachuoni wetu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr ni masuala ya wasia na mirathi. Alikusudia kuwasahilishia watu mambo wanayohitaji katika kugawana mali na kufanya biashara, na kutokana na haja hiyo ikaenea elimu ambayo dunia nzima yaitumia.

Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba na hisabu kuwa ni fardhi kifaya, yaani mambo ambayo lazima wapatikane watu wa kuyafanya, la sivyo mji mzima huingia katika dhambi. Akatia humo pia ukulima, ufumaji na ushoni. Ikiwa leo rekodi za hospitali, hesabu za duka na ada za madrasa huwekwa katika kompyuta, basi na tujiulize: ni nani katika mji wetu anayeijua kazi hiyo?

Wala elimu ya ufundi si ngeni katika pwani yetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, iliyojulikana kwa jina la MIOME. Iliasisiwa mwaka 1948 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohra, pamoja na serikali ya wakati huo, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Wazee hao walitoa mali zao ili Waislamu wapate elimu ya ufundi. Wanetu wakiyaona madarasa ya ufundi kuwa ni ya walioshindwa, watakuwa wameisahau historia yao wenyewe.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Kwanza, hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia elimu ya ufundi nchini. Chuo kisicho na usajili kitamwachia mwanao karatasi isiyokuwa na thamani.

Pili, ulizeni ngazi ya kozi. Kwa kawaida C- hukubaliwa kwa diploma, na D kwa cheti, na walio chini ya hapo wana ngazi za mwanzo wanazoweza kupandia. Katika mtaala mpya wa umahiri, mwanafunzi hupimwa kwa kazi aliyoifanya. Huambiwa ama amehitimu ama bado, na wa bado hurudi akajaribu tena. Sisi tuliolelewa madrasa twaujua mtindo huu: hukutoka juzuu moja kwenda nyingine mpaka mwalimu asikie kisomo chako kimenyooka.

Tatu, ulizeni saa za mazoezi. Ufundi huu hausomwi kwa kunakili ubaoni. Yataka mwanafunzi aandike, programu ikatae, atafute kosa, aandike tena. Nukta moja ikipotea, kazi nzima husimama. Hapa twawasemesha wazazi kwa uwazi: binti anayeamka kufua, akapika, akalea wadogo zake na kuosha vyombo mpaka usiku, kisha akatakiwa afanye mazoezi hali ya kuwa amechoka, hatujamtendea haki. Kazi za nyumbani ni malezi mema, lakini na kaka zake pia wana mikono. Mpangieni saa mbili za utulivu kila siku, na chumba ambamo hatasumbuliwa.

Nne, msidanganywe na ahadi za utajiri wa haraka. Diploma si ajira. Anayefaulu ni yule anayeweza kuonyesha kazi za mkono wake: programu ya duka la ami yake, au daftari la ada za madrasa, au hesabu za chama cha mamake. Kwa binti anayependa kufanya kazi akiwa nyumbani kwa sitara yake, au mama mwenye watoto wadogo, ufundi huu una nafasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake yaweza kufanywa popote penye umeme, kompyuta na intaneti.

Na kama ada ni nzito, ulizieni basari za kaunti na za maeneo bunge kabla ya kukimbilia mkopo wa riba. Jamaa nao wakumbuke kwamba kumchangia binti ada kuna thawabu, kama kulivyo kumchangia harusi.

Amana ya fundi

Limebaki neno moja kwa wanafunzi wenyewe. Ufundi ni kisu. Hukata nyama ya halali na ya haramu. Katika nchi yetu, atakayejua kuandika programu ataitwa na kampuni za kamari, na ataitwa na wakopeshaji wa riba kwa simu, tena kwa malipo mazuri. Klasi iliyoandikwa vizuri kwa ajili ya kamari ni msaada katika maasi, hata kama mwandishi hakucheza. Amueni mapema, kabla ya kuona bahasha, ni milango gani hamtaigonga. Na siri za watu mtakazozihifadhi ndani ya programu, kama vile maradhi yao, madeni yao na namba zao za simu, ni amana mtakazoulizwa siku ya Kiyama.

Enyi wazazi, mabinti wanaongoja nyumbani baada ya kidato cha nne hawangoji kwa kukosa akili. Wengi wangoja kusikia neno la ruhusa kutoka kwa baba, na neno la kutiwa moyo kutoka kwa mama. Fanyeni mashauri, swalini istikhara, ulizeni maswali tuliyoyataja, na mkiridhika, mpelekeni mwana akajiandikishe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wanetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na mikono yenye kuaminiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.