Mahindi Mabovu Si ya Busaa

Mzee mmoja mkulima kutoka upande wa Moiben alifika kliniki hapa Eldoret kupimwa presha. Tulipomaliza, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Binti yake alikuwa akiposwa, naye alitaka kuwatengenezea wazee wenzake busaa kwa mikono yake mwenyewe, mara ya kwanza maishani, kama alivyomwona mamake akifanya zamani. Mahindi alikuwa nayo tayari: gunia zima ambalo mkewe alilitenga wakati wa kupukuchua, punje zake zikiwa na ukungu wa kijani na wa waridi. "Hayo si ndiyo ya pombe, daktari?"

Ni kweli, msomaji mpendwa, ndivyo tulivyozoea. Katika boma nyingi za huku kwetu mahindi mazuri huenda posho mill, na yaliyooza huwekewa mifugo au busaa, kwa imani kwamba moto na kuchachuka vitaondoa ubaya wote. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu juma hili.

Ukungu ukiota kwenye nafaka yenye unyevu huacha sumu ndani ya punje. Mojawapo ni aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Kukaanga kunaweza kuua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuachwa haimalizwi na joto la jikoni, wala hamira haiwezi kuisafisha. Utakumbuka yaliyotokea Ukambani mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Na kwa kuwa pombe nayo hulishambulia ini hilo hilo, mnywaji wa busaa ya mahindi mabovu hulipiga ini lake mara mbili kwa mkebe mmoja.

Kwa hivyo nilimwambia mzee aanze na mahindi ambayo angekubali kumpikia mjukuu wake ugali. Yawe yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5, kipimo kile kile kinachotakiwa katika maghala ya halmashauri ya nafaka. Mbegu iliyobaki baada ya kupanda isiguswe kabisa. Rangi ile iliyopakwa ni ya dawa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji uwe donge gumu, hufunikwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto hadi uwe chenga za rangi ya kahawia. Wakati huo huo wimbi hulowekwa, hufungwa ndani ya gunia lenye unyevu mpaka lichipue, halafu huanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea, na bila kimea utaambulia uji mchachu tu. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Nayo hamira huila sukari hiyo na kutoa pombe pamoja na ile hewa inayoleta povu. Chenga huchanganywa na maji na kimea, huachwa siku mbili au tatu, kisha huchujwa.

Hapo penye wimbi ndipo wapishi wapya hukosea. Joto na unyevu vinavyochipusha mbegu ndivyo hivyo hivyo vinavyootesha ukungu. Ligeuze mara kwa mara, lianike kwa tabaka jembamba, na likinuka uvundo litupe lote, hata kama uchungu wa kulitupa ni mkubwa. Chombo nacho kina neno lake. Busaa ni chachu, na uchachu huo huyeyusha zinki kutoka kwenye ndoo za mabati, ukawaletea wageni kutapika na kuumwa na tumbo. Pipa lililowahi kuwa na dawa ya kunyunyizia mimea halioshwi likatakata.

Wengi huniuliza kama busaa inaweza kupofusha. Busaa ya nafaka iliyotengenezwa hivi haipofushi. Vifo vya mwaka 2000 jijini Nairobi, ambapo zaidi ya watu mia moja walikufa kwa kunywa kumi-kumi, vilitokana na methanoli, kemikali ya viwandani.

Hata hivyo usiidharau busaa kwa sababu inashibisha kama uji. Vipimo vya watafiti hapa magharibi mwa Kenya vilionyesha kuwa ina pombe ya takriban asilimia 4, na chang'aa takriban 34. Mkebe wa lita moja basi una gramu 32 hivi za pombe, sawa na chupa kubwa mbili za bia ya nguvu hiyo. Mama mjamzito asionje. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kisukari azungumze kwanza na daktari wake. Na ukifikiria kuiuza, kumbuka kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni.

Mzee alinisikiliza kwa makini, akahesabu hasara ya gunia lake. "Basi nitawapa ng'ombe," akasema. Ikanibidi nimweleze kwamba ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo ya chai na ya mursik.

Alinyamaza kidogo, akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka kuniuliza kama kuku nao wamo.

Wamo, nikamjibu.